Saini Chini ya Imla

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja kazini alikula chungwa, akayaacha maganda juu ya hita, na haikufika saa sita mchana chumba kizima kilikuwa kinanukia. Wengine walilalamika, dirisha likafunguliwa, baridi ikaingia. Mimi niliomba yaachwe kidogo. Ilikuwa harufu ya chumba cha Bi Mei, ghorofa moja juu ya fleti yetu, na nilikuwa sijaisikia kwa miaka mingi. Yeye aliyakausha maganda makusudi, akayaweka kwenye kopo, akayatia kwenye chai. Nilirudi mezani kwangu nikajaribu kufanya kazi nikashindwa, kwa sababu pamoja na ile harufu lilikuja jambo nililolifanya nikiwa na miaka tisa, na ambalo mpaka leo sijapata kulieleza sawasawa.

Bi Mei alitoka China peke yake. Alifanya kazi na mama yangu katika nyumba ya wazee, mwendo wa basi moja kutoka kwetu, ila Mama alikuwa juu vyumbani, akiwaogesha wazee na kuwalisha, na Bi Mei alikuwa chini, kwenye mashine za kufulia. Ni Mama aliyeanza kumwita Bi. Bi Mei alikuwa amemzidi umri kwa miaka mitatu minne, na Mama hakujua namna nyingine ya kumwita mtu mzima. Mwenyewe aliuliza maana yake, akaambiwa ni heshima, akafurahi, na tangu hapo akipiga simu kwetu husema, "Bi Mei hapa."

Alikuwa na mtoto wa kike, Lan, mdogo wangu kwa mwaka mmoja, aliyemwacha kwa bibi yake. Picha yake ilikuwa ukutani: mtoto wa nywele fupi, kakunja uso kwa sababu ya jua. Ili amlete Landani, Bi Mei alihitaji barua ya ajira ya kudumu, na kazi ya kufua haikuwa na barua hiyo. Kazi ya kuhudumia wazee ilikuwa nayo. Meneja alikuwa tayari kumpandisha, ila kwa sharti moja: afaulu mtihani wa kusikiliza. Kila zamu inapobadilika, anayetoka husimulia hali ya kila mzee na anayeingia huandika. Nani kala, nani kakataa vidonge, mguu wa nani umevimba. Asiyeweza kuandika anachosikia hawezi kuachiwa mgonjwa, na hilo hata mimi mtoto nililielewa.

Ajabu ni kwamba Bi Mei alikuwa anajua Kiingereza. Alisoma magazeti ambayo Baba aliyaacha ngazini, alijua maneno ambayo Mama hajawahi kuyatumia, na akiandika barua hukuti kosa. Shida ilikuwa masikioni. Siku moja alinieleza hivi, na nayaandika hapa kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko Kiingereza chake cha vipande: "Kwenye karatasi maneno yana nafasi katikati. Mdomoni mwa watu hakuna nafasi." Darasani kwao walijifunza kwa macho, vitabu na vitabu, na Mwingereza wa kwanza kumsikia akizungumza alikuwa afisa wa uwanja wa ndege.

Mama akapata wazo, na wazo la Mama kwa kawaida lilikuwa kazi ya mtu mwengine.

"Huyu si kazaliwa hapa hapa," alimwambia Bi Mei, akinishika bega. "Kiingereza chake cha kwao. Kila Jumamosi akirudi chuoni kusoma Kurani atakuja kukusomea imla. Wewe uandike tu."

"Mama, I've got homework," nilisema.

"Homework utafanya Jumapili. Kwani Bi Mei atakula homework yako?"

Basi ndivyo nilivyokuwa mwalimu. Mama alinitungia ripoti za zamu kutoka kichwani mwake, za wazee wasiokuwapo, mimi nikaziandika vizuri na kuzisoma. Baba alinifundisha imla inavyosomwa, kama walivyofundishwa wao skuli Unguja: unasoma yote mara moja mwanafunzi akisikiliza tu, halafu kipande kipande, kila kipande mara mbili, na mwisho yote tena. Bi Mei alikaa wima, penseli imechongwa, uso umejikaza utadhani anatolewa jino. Mwisho wa imla alichukua kalamu nyekundu akasahihisha mwenyewe kwa karatasi yangu, na kila neno alilokosea akaliandika mara kumi. Jumamosi ya kwanza alikosea sana, akajaza kurasa mbili za maneno ya adhabu.

Halafu akanigeuzia daftari. Chini ya ukurasa alikuwa amepiga mstari kwa rula. Akanipa kalamu.

"Tia saini," alisema.

"Kwa nini?"

"Imla lazima itiwe saini nyumbani. Bila saini haijaisha. Kwetu ndiyo hivyo."

Lazima nieleze hapa saini ilikuwa kitu gani nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa karani katika afisi ya gereji ya mabasi, mtu wa makaratasi mchana kutwa, lakini nyumbani hakuna mtu aliyeruhusiwa kutia saini chochote. Barua ya kaunsili, serikali ya mtaa, ilikaa juu ya friji wiki nzima, yeye akiisoma mstari kwa mstari na rula mkononi. Kwa fomu ya safari ya skuli nilirudishwa nyumbani mara tatu, haijatiwa saini. Alipokuwa kijana, kabla ya kuondoka kwao, aliwekewa karatasi mezani akaambiwa tia saini hapa upewe ruhusa ya kusafiri, akatia bila kusoma. Baadaye akajua kwamba kwa saini ile alikubali kuwa hakuacha nyuma kitu chochote kilicho chake, na nyumba ya mama yake ikaenda. Alinisimulia mara moja tu, ila matokeo yake nikayaona kila siku juu ya friji. Nikajua kwamba mtu akitia saini amejitia kitanzi, na lolote litakalotokea na ile karatasi ataitwa yeye.

Nilitia saini. Mtu mzima kanipa kalamu, ningefanyaje. Niliandika majina yangu matatu kwa hati ya skuli. Usiku ule na usiku uliofuata nilifikiria ule ukurasa wenye wino mwekundu kila mahali na jina langu chini yake. Nilidhani nimetoa ushahidi. Nilidhani kuna mtu, sijui nani, mwenye suti na mkoba, atakuja kulichukua daftari siku moja na kuuliza: ni nani huyu aliyetia saini kwenye makosa yote haya?

Jumamosi ya pili nikaanza kupunguza mwendo. Sikumwambia mtu. Kama lazima nitie saini, basi angalau kurasa ziwe safi. Nilitamka neno moja moja, nikameza mate, nikatamka la pili. Nilizibana herufi za mwisho mpaka ulimi ukauma. Neno gumu nililirudia mara nne, tano. Kama penseli yake inasita nilisubiri, na kama imeandika vibaya nilikohoa. Kufika wiki ya nne hakuna Mwingereza duniani aliyekuwa anazungumza kama mimi, na Bi Mei alikuwa akipata zote. Ukurasa mzima hauna wekundu. Yeye alitabasamu, mimi nikatia saini bila hofu, akanipa kipande cha keki ya ufuta, nikashuka ngazi nikiruka mbili mbili.

Mama alijisifu kazini. "Mtoto wangu kamfundisha," alisema. "Hakosei hata nukta." Na mimi, hilo nalo niliseme, nilijiona mwalimu hodari.

Mtihani ulifanyika mwanzo wa kiangazi, afisini kwa meneja, kwa kaseti. Mama alirudi jioni, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akaanza kuvua viatu kimya kimya, na Mama si mtu wa kimya.

"Kafeli," alisema. "Maskini ya Mungu, kafeli vibaya. Kaandika mistari mitatu, na wa tatu haukwisha. Kaseti inakimbia, yeye kashika penseli hewani."

"Hakuna kurudia?" aliuliza Baba.

"Mtihani mara moja kwa mwaka. Mpaka mwakani." Akaniangalia. Hakuwa na ukali, alikuwa anashangaa tu. "Lakini hapa si alikuwa anapata zote?"

Niliingia chooni nikajifungia. Nilikuwa na miaka tisa na hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kwenye daftari kuna kurasa kumi na mbili, karibu zote zinasema Bi Mei anajua, na chini ya kila moja kuna jina langu. Sasa imejulikana hajui. Yule mtu wa mkoba hana budi kuja. Nililia kwa kujiogopea, si kwa ajili ya Bi Mei. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba machozi ya kwanza yalikuwa yangu mwenyewe.

Baba alibisha mlango mpaka nikafungua.

"Mimi ndiye niliyetia saini," nikasema, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nilimjibu kwa Kiswahili.

"Saini gani? Wapi?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea aghadhibike. Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Umetia saini kurasa kumi na mbili," alisema, "na hukuniambia."

"Ulisema tusitie."

"Nilisema." Akainuka. "Twende juu."

Baba hakuwa na desturi ya kwenda kwa Bi Mei. Mwanamke anayekaa peke yake, yeye alimsalimia kwenye ngazi basi. Siku ile alisimama mlangoni akapiga hodi kwa Kiswahili, na Bi Mei akafungua akiwa bado na nguo za kazi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alitukaribisha, akamimina chai ya maganda ambayo Baba aliinywa yote kwa adabu. Akaomba daftari. Akalisoma kurasa zote kumi na mbili, kidole mahali pa rula, kama anavyosoma barua za kaunsili. Halafu akanisukuma kidogo mbele.

"Mwambie mwenyewe. Kwa Kiingereza."

Nikamwambia. Kwamba nilisoma polepole makusudi. Kwamba nilikohoa. Kwamba nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa jina langu lisikae kwenye makosa. Sikuweza kumtazama, nikaitazama picha ya Lan, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Najua," alisema Bi Mei.

Baba na mimi tukamwangalia.

"Wiki ya tatu nilijua. Nilikuwa mama wa mwanafunzi kabla ya kuwa mwanafunzi wako. Nilipomsomea Lan imla, na mimi nilisoma polepole, ili apate ukurasa mzuri wa kupeleka skuli." Alisema haya kwa shida, akitafuta kila neno. "Wiki nzima nasikia watu, sielewi, nasema yes, yes. Jumamosi naelewa kila kitu. Sikutaka kukwambia usome haraka. Kosa ni langu kubwa kuliko lako, mwalimu mdogo."

Halafu akaniuliza kwa nini saini inaniogopesha, nikamtazama Baba, na Baba akamweleza, kwa Kiingereza chake cha afisini, habari ya karatasi na nyumba ya mama yake. Bi Mei alisikiliza akiwa ameinama mbele kabisa. Mwisho akasema kwamba kwao mzazi hatii saini kusema hakuna makosa. Mwalimu anajua makosa yapo, ameyahesabu. Saini inasema nyumbani kuna mtu ameliangalia daftari. Basi.

"Na Lan nani anamtilia?" niliuliza.

"Bibi yake. Hajui kuandika. Lakini anaangalia."

Tangu siku ile imla ilihama mezani. Baba ndiye aliyesema sauti moja haitoshi, na ya mtoto haitoshi kabisa. Bi Mei akakata tiketi ya wiki, tukawa tunapanda basi la ghorofa Jumamosi, juu, kiti cha nyuma ya ngazi, yeye na daftari gotini, anaandika chochote anachokisikia. Wanawake wakilalamika juu ya waume zao, wavulana wakitukanana, kondakta, mtu na simu yake mpya ya mkononi akipiga kelele kana kwamba anaita ng'ambo ya mto. Tulikwenda mpaka soko la Tooting, tukanunua mihogo ya Mama, tukarudi. Mimi nilikaa naye nikasikiliza, na tukishuka namwambia nilichosikia mimi. Mwanzoni kurasa zilikuwa na maneno matano, sita. Nilitia saini chini ya maneno matano. Nyumbani Baba alimsomea kwa lafudhi ya Unguja, haraka, bila kupumua, Mama akamsomea huku anakaanga samaki na mgongo kampa, kwa sababu hivyo ndivyo ripoti zinavyotolewa kweli, alisema, hakuna anayekugeukia. Bi Mei alikosea na kukosea. Majira ya baridi yalipita hivyo. Kuna Jumamosi alifunga daftari njiani akasema hataki tena, na Jumamosi iliyofuata alikuwa kituoni kabla yangu.

Alifaulu majira ya kuchipua. Si kwa alama kubwa, ila alifaulu. Mama alipiga kigelegele mlangoni mpaka jirani akatoka. Barua ya ajira ikapatikana, Baba akaisoma mara tatu kabla ya kumruhusu Bi Mei aitie saini, na ndiyo mara pekee niliyomwona akimshikia mtu kalamu. Maombi yakaenda, yakarudi, yakaenda tena, na nilikuwa nimeshaingia sekondari siku Lan alipofika.

Wote waliniambia halikuwa kosa langu. Mama alisema, Baba alisema, Bi Mei alisema zaidi ya wote. Nilikubali, kwa sababu ukiwa mtoto na watu wazima watatu wanakwambia jambo moja, unakubali. Nilidhani limekwisha.

Walikuja kwetu wiki ile ile, Bi Mei na mtoto wake, kula chakula cha mchana. Mama alipika pilau na kuiacha bila pilipili. Lan alikuwa mrefu kuliko nilivyotegemea, si yule wa ukutani. Alimwita mama yake kwa sauti ya chini na hakukaa karibu naye, alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Bi Mei alimwekea nyama, Lan akaila, akashukuru, kama mgeni. Nilimwona Bi Mei akitabasamu mfululizo mpaka mashavu yakawa yanamuuma.

Baada ya kula Lan alifungua begi lake akatoa bunda la karatasi limefungwa uzi. Bibi yake ndiye aliyelifunga, Bi Mei alitueleza, amuonyeshe mama yake. Zilikuwa imla za skuli, zote, tangu wiki mama yake alipoondoka. Kila karatasi ilikuwa na safu za maandishi ya Kichina yaliyopangika, alama ya mwalimu pembeni, tarehe kwa tarakimu juu, na chini, kwenye mstari wa nyumbani, alama ya dole gumba la bibi yake kwa wino mwekundu.

Bi Mei alizipokea. Akazigeuza moja, mbili. Kisha akachukua kalamu iliyokuwa mezani kwetu, akaifungua, akaipeleka chini ya karatasi ya kwanza. Lan aliweka kiganja juu ya ule mstari. Alisema maneno machache tu, bila ukali. Mama alimuuliza Bi Mei amesema nini.

"Anasema tayari," alisema Bi Mei. "Anasema hapa pameshajaa."

Akaifunga kalamu, akaiweka chini. Akaanza kuzisoma. Alisoma kila karatasi kutoka juu mpaka chini, makosa na yote, na kila aliyoimaliza akailaza upande wangu wa meza. Chai ya Mama ilipoa. Taratibu Lan akavuta kiti chake mbele, hatua moja, ili aone mama yake amefika wapi.

Mimi nilikuwa naangalia tarehe. Tarakimu ni zile zile kila mahali, hazihitaji mkalimani. Nilikumbuka wiki ya kaseti, jioni ile Mama alipovua viatu kimya, na nilikumbuka wiki ya kigelegele. Nikaanza kuhesabu karatasi zilizokuwa katikati ya wiki hizo mbili, wiki ambazo Lan alingoja mama yake arudie mtihani, dole moja moja. Zilikuwa thelathini na moja. Nikahesabu tena nikapata thelathini na moja.

Lan aliniona nimeziinamia. Alidhani zimenipendeza. Akachomoa moja katikati ya zile, akaipangusa kwa mkono wa sweta, akanipa niwe nayo.